Elimu ya Uwezekano na Nadharia ya Michezo: Barua ya Wazi kwa Watunga Mitaala, Watahini na Wakaguzi wa Hisabati

Waheshimiwa,

Naomba ruhusa ya kuleta mbele yenu malalamiko ambayo nimekwisha kuyasema kwa upole katika semina za walimu, nikayaandika katika ripoti za idara, na nikayarudia kwa wakaguzi waliokuja kuketi nyuma ya darasa langu na kuondoka na nakala ya azimio la kazi. Na maadamu huko kote hayakupata jibu, sioni kuwa ni utovu wa adabu kuyasema sasa mahali ambapo wazazi nao watayasikia. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari mjini Tanga. Malalamiko yangu yanahusu elimu ya uwezekano na jamaa yake wa karibu, nadharia ya michezo, na jinsi elimu hizi mbili zinavyozuiliwa zisiwafikie wale hasa wanaozitamani, yaani watoto wa kidato cha kwanza na cha pili ambao fahamu zao zimekwisha kulitangulia darasa, na ambao sisi hatuna la kuwapa ila zoezi lile lile la jana kwa tarakimu nyingine.

Nayajua mtakayonijibu kabla hamjayasema. Mtaniambia kwamba ziko shule zisizo na mwalimu hata mmoja wa hisabati, na madarasa yaliyofurika watoto hata mwalimu hapati pa kupita, na kwamba katika dhiki hiyo kumfikiria mtoto mmoja aliyetangulia ni anasa. Hoja hiyo ina uzito wake, na mimi ninayesahihisha madaftari usiku sihitaji kukumbushwa. Lakini ninayoyaomba hayahitaji majengo wala maabara, na mtoto aliyetangulia, akikaa bure miaka mitatu akingoja wenzake, haongezi hata chembe katika maendeleo ya hao wenzake.

1. Mnachelewa, na hakuna sababu ya kuchelewa.

Katika muhtasari niliofundishia kwa muda mrefu, uwezekano ulikuwa mada ya kidato cha nne, mwaka ambao mwanafunzi na mwalimu wake wote wawili wanakimbizana na mtihani wa taifa. Ukishapita hapo, hausikiki tena mpaka kidato cha sita, tena kwa wale wachache waliochagua hisabati ya juu. Na hicho kinachofundishwa kidato cha nne ni nini? Ni mfuko wenye gololi nyekundu na za buluu, ni shilingi inayorushwa, ni dadu, na kanuni mbili tatu za kujumlisha na kuzidisha zinazoandikwa ubaoni pasipo kuelezwa zimetoka wapi wala zilizaliwa kwa haja gani. Mwanafunzi mwepesi wa akili huyamaliza hayo kwa juma moja, akabaki na dhana kwamba hii ni elimu ya gololi.

Ilhali mwanzo wa elimu hii ni kisa ambacho mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kukifuata hatua kwa hatua, kwa sababu hakihitaji ila sehemu, kuhesabu kwa utaratibu, na subira. Niruhusuni nikisimulie kama ninavyokisimulia darasani, kwa sura ya kwetu. Vijana wawili walio sawa kwa ustadi wanashindana bao barazani, na mzee mmoja wa mtaa ameweka zawadi ya shilingi 64,000 kwa atakayetangulia kushinda michezo 5. Wa kwanza ameshinda 3, wa pili ameshinda 2, mara mvua inanyesha na mashindano yanakatika yasirejewe tena. Zawadi igawanywe vipi?

Luca Pacioli, mtawa wa Italia aliyechapisha mwaka 1494 kitabu kikubwa cha hesabu kilichotegemewa na wafanyabiashara, aliliangalia suala la namna hii akaona kwamba kila mmoja apewe kwa kadiri ya michezo aliyokwisha kushinda. Katika mfano wetu, wa kwanza angepata shilingi 38,400 na wa pili 25,600. Jawabu hilo linapendeza masikioni, na wanafunzi wangu karibu wote hulitoa. Lakini jaribuni kulitumia mahali ambapo umechezwa mchezo mmoja tu: aliyeushinda atachukua zawadi nzima, na mwenzake ambaye alikuwa na michezo mingine chungu nzima ya kujikomboa ataondoka mikono mitupu. Zikapita zaidi ya karne moja na nusu, hata mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, walipoandikiana barua juu ya suala hili, na kila mmoja kwa njia yake akaona kwamba haki haitazami michezo iliyopita bali inatazama ile ambayo ingalikuja. Wa kwanza amebakiza 2 na wa pili 3. Michezo 4 zaidi ingetosha kumaliza shauri. Michezo 4 ina njia 16 za kwenda, na katika hizo 11 zinampa ushindi wa kwanza na 5 zinampa wa pili. Basi wa kwanza achukue 44,000 na wa pili 20,000.

Hilo ndilo somo la kwanza. Mtoto akishalipata, mfuko wa gololi nao unapata maana, kwa kuwa amekwisha kujua uwezekano unatafutwa kwa ajili ya nini. Nawauliza kwa heshima: ni kitu gani katika hayo niliyoyaeleza kinachomshinda mwanafunzi bora wa kidato cha pili?

2. Watahini wanaiadhibu fikra iliyo sahihi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na uchungu wangu.

Nilikuwa na binti mmoja katika kidato cha pili, mtoto mtulivu, mwandishi wa hati ndogo sana, aliyekuwa akibaki nyuma baada ya vipindi pamoja na wenzake wachache. Nilipowapa suala la mashindano ya bao, wenzake walianza kuandika orodha za ushindi na ushinde. Yeye hakuandika orodha yoyote. Alichora jedwali dogo, akaanzia mwishoni. Akasema: wakiwa kila mmoja amebakiza mchezo 1, wako sawa, kila mtu ana haki ya 32,000. Akirudi hatua moja nyuma, pale wa kwanza amebakiza 1 na wa pili 2, wa kwanza ama anashinda na kuchukua 64,000 zote, ama anashindwa na kurudi katika ile hali ya 32,000. Kati ya hizo mbili ni 48,000. Akarudi tena nyuma: wa kwanza amebakiza 1, wa pili 3, kati ya 64,000 na 48,000 ni 56,000. Na wakibakiza 2 kwa 2 wako sawa tena, 32,000. Kwa hiyo pale penyewe tunapopataka, wa kwanza 2 na wa pili 3, ni kati ya 56,000 na 32,000, nayo ni 44,000. Alimaliza kabla ya wenzake kufika nusu ya orodha zao.

Sikumfundisha njia hiyo. Ni njia ya Pascal mwenyewe. Ile ya orodha ndiyo ya Fermat. Mtoto wa Tanga, pasipo kuwasikia wala kuwasoma, alishika mkono wa mmoja wao, na wenzake wakashika mkono wa mwingine, na jioni ile tukabishana mpaka adhana ya magharibi ni ipi kati ya njia mbili hizo iliyo bora endapo michezo iliyobaki ni ishirini badala ya minne.

Miaka miwili baadaye binti huyo, akiwa kidato cha nne, alikutana na suala la jinsi hiyo katika mtihani wa majaribio. Akalijibu kwa jedwali lake, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akafikia jawabu sahihi. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka mchoro wa matawi. Alama zilikuwa zimegawanywa tawi kwa tawi, na kwa kuwa hapakuwa na tawi lolote alipewa alama 2 kati ya 10, zile za jawabu la mwisho. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwa adabu kwamba msahihishaji hana mamlaka ya kutoka nje ya mwongozo. Naamini alisema kweli, na simlaumu. Mwenye lawama ni aliyeuandika mwongozo kana kwamba suala la hisabati lina mlango mmoja. Binti aliniuliza kama kosa lake lilikuwa katika kufikiri au katika kuchora. Tangu siku hiyo alichora matawi katika kila mtihani, na alama zake zilikuwa nzuri, na jedwali sikuliona tena katika daftari lake.

3. Nadharia ya michezo haimo kabisa.

Katika muhtasari ninaoujua wa sekondari, neno hilo halipatikani, ingawa kidato cha nne kina upangaji wa mistari, yaani ile mada ya kutafuta faida kubwa kabisa ndani ya mipaka iliyochorwa kwenye grafu, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja. Tunamfundisha mwanafunzi kutafuta lililo bora pale asipokuwa na mpinzani, tukaacha kumfundisha lililo bora pale ambapo upande wa pili nako kuna mtu mwenye akili kama yake, anayemtazama. Katika maisha yatakayomkuta, katika biashara, katika mnada wa samaki, katika kugombea shamba la urithi, ni hali gani itakayomtokea zaidi?

Ile fikra ya yule binti ya kuanzia mwishoni na kurudi nyuma ndiyo nguzo ya elimu hii pia. Ernst Zermelo alionyesha mwaka 1913 kuhusu sataranji kwamba ama mwenye kete nyeupe ana njia ya kushinda kwa yakini, ama mwenye nyeusi anayo, ama kila mmoja wao anaweza kujihakikishia sare. Na burhani inayotolewa leo madarasani kwa jambo hilo ni kuanza na hali ambazo mchezo umekwisha na kuurudia nyuma hatua kwa hatua. Wala si lazima kuanza na sataranji. Wapeni watoto kete 21 za bao, waambieni wawili wawili waokote kwa zamu, kila mara moja, mbili au tatu, na atakayeokota ya mwisho ndiye mshindi. Mwanzoni wataokota kwa kubahatisha. Kisha mmoja atagundua kwamba anayeachiwa kete 4 ameshindwa, na punde si punde kwamba anayeachiwa 8 vilevile, na 12, na hapo utamwona anayeanza akiokota kete moja tu, akaacha 20, akakunja mikono. Huyo amefanya burhani kamili, na hakuna kitabu kilichofunguliwa. Bao lenyewe la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, halina dadu wala karata ya kufichwa. Ni mchezo wa fikra tupu, na wazee wetu wanaolicheza kwa kuhesabu mizunguko ya mbele wangewafundisha watoto hawa mengi lau shule zingewaalika. Lakini shule haziwaaliki. Katika shule kadhaa ninazozijua, bao likionekana mkononi mwa mwanafunzi hutaifishwa.

Upo upande wa pili wa elimu hii, ule ambamo michezo miwili, wa akili na wa bahati, inakutana. John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba katika mapambano ya watu wawili ambapo anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwingine, ipo njia iliyo bora kwa kila mmoja, mradi aruhusiwe kuchanganya hatua zake kwa bahati iliyopimwa. Mwaka 1944, yeye na mchumi Oskar Morgenstern, wakatoa kitabu kikubwa juu ya nadharia hii. Na mwaka 1950 John Nash, kijana wa miaka 21, akaipeleka mbele kwa makala isiyozidi kurasa 2, ambayo ilikuja kumpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994. Majina haya wanafunzi hawayasikii. Hata hivyo jambo lenyewe lipo uwanjani kila Jumamosi, katika penalti.

Tuseme (nambari ni zangu, za darasani) kwamba mpigaji ana nguvu zaidi upande wa kulia: akipiga kulia na kipa akaruka huko huko, hufunga mara 70 katika 100, akipiga kushoto na kipa akaruka huko huko, mara 50, na wakiachana pande, mara 90. Darasa zima litasema apige kulia daima. Kipa naye ana masikio: ataruka kulia daima, na mpigaji amebaki na 70 yake. Basi aende kushoto mara ngapi? Sehemu ya mapigo ya kushoto tuiite p. Kipa akiruka kushoto, mpigaji hufunga mara 90 − 40p. Akiruka kulia, mara 70 + 20p. Mpigaji mwerevu hamwachii kipa upande wa kuchagua, kwa hiyo anazisawazisha hizo mbili, na p inakuwa theluthi moja. Naye hufunga karibu mara 77 katika 100, kipa aruke atakako. Huo ni mlinganyo wa kidato cha kwanza. Na si mambo ya ubaoni tu: mchumi Ignacio Palacios-Huerta alichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa penalti zaidi ya 1,400 za mechi za kulipwa, akaona kwamba wapigaji na makipa wanachanganya pande zao kwa kuikaribia mno hesabu ya von Neumann, nao aghalabu hawajamsikia. Nilipolifundisha hili kwa kikundi changu cha baada ya vipindi, wavulana wawili wasiopenda hisabati walijileta wenyewe kutoka uwanjani, na mmoja akashika chaki akadai nambari zangu ni za mpigaji dhaifu.

4. Msipowafundisha ninyi, wanafundishwa na wenye kubeti.

Hili nalisema bila kupunguza ukali. Sheria inawakataza kubeti walio chini ya miaka 18. Lakini hakuna mwalimu wa sekondari asiyejua kwamba wanafunzi wanajua odi za mechi za Ulaya kuliko wanavyoyajua majedwali ya kuzidisha, na kwamba kile wanachokiita mkeka, yaani dau moja la mechi kadhaa linalolipa endapo zote zimebashiriwa sawa, hutandikwa kwa simu ya kaka au ya jirani. Kwa hiyo darasa la uwezekano lipo tayari mtaani, lina vitabu, lina walimu, na lina matangazo redioni kutwa. Linakosa mtu mmoja tu wa kufanya hesabu kwa sauti.

Nami naifanya hapa. Mechi imetangazwa kwa odi, yaani shilingi zinazolipwa kwa kila shilingi 1 iliyowekwa, za 2.10 mwenyeji akishinda, 3.20 wakitoka sare, 3.40 mgeni akishinda. Gawanyeni 1 kwa kila odi: mtapata 0.476, 0.313 na 0.294, na jumla yake ni 1.083. Mtoto aliyefundishwa mapema kwamba uwezekano wa mambo yote yanayoweza kutokea, ukijumlishwa, ni 1 kamili, atauliza papo hapo: hiyo 0.083 ya ziada ni ya nani? Ni ya kampuni. Ikiwa odi zimefuata uwiano wa uwezekano wenyewe, basi kwa kila shilingi 100 zinazowekwa, zinazorudi kwa wastani ni takriban 92. Hiyo ni mechi moja. Mkeka wa mechi 10 za aina hiyo unairudia hasara hiyo mara 10 mfululizo, na zinazorudi kwa wastani katika kila shilingi 100 ni takriban 45. Kijana anayetandika mkeka mrefu kwa sababu malipo yake yanang'aa, amechagua mahali ambapo kampuni inachukua zaidi ya nusu. Nani amemwambia? Katika vitabu vyetu vya kiada nilivyovifundishia, mfano huo sijauona hata mahali pamoja, na dadu zimejaa tele.

5. Kwa wanaoiogopa elimu hii.

Wapo wazee wa heshima, na baadhi yao ni wajumbe wa bodi za shule, wanaosema kwamba kumfundisha mtoto hesabu ya bahati ni kumfungulia mlango wa kamari, na kwamba ni elimu ya kigeni. Kwa hilo la kwanza nimekwisha kujibu kwa mkeka. Kwa la pili nawakumbusha mtu wanayemjua wote waliosoma arudhi: Al-Khalil bin Ahmad, ambaye asili yake ni Omani, aliyeishi Basra katika karne ya 8, ndiye aliyeziwekea bahari za ushairi wa Kiarabu mizani zake, na ndiye pia anayenasibishiwa hesabu ya maneno yanayoweza kuundwa kwa herufi 28 pasipo kurudia herufi: ya herufi mbili 756, ya herufi tatu 19,656, na kuendelea. Hesabu hiyo ya mipangilio ndiyo mama wa uwezekano. Na katika karne ya 9 Al-Kindi wa Baghdad aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Hesabu za namna hii zilifanywa na wasomi wa Kiislamu karne nyingi kabla ya Pascal, na asiyeitaka atafute hoja nyingine.

6. Lugha.

Kwa ufupi, maana nalijua suala hili lina wapiganaji wengi. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na katika uwezekano kila kitu kinasimama juu ya maneno madogo, "angalau", "si zaidi ya", "ikiwa imekwisha kutokea kwamba", ambayo mtoto akiyakosa amekosa hesabu nzima. Christiaan Huygens alipoandika kijitabu cha kwanza kuchapishwa juu ya elimu hii, kilichotoka mwaka 1657, alikifikiri na kukiandika kwa Kiholanzi, lugha yake, na mwalimu wake Frans van Schooten ndiye aliyekitia katika Kilatini cha wasomi. Nasi tungeweza kuanza kwa Kiswahili, kisha tukavuka.

Ninayoyaomba, Waheshimiwa, ni haya, nami nimeyapanga kwa wepesi wake. Lililo jepesi kuliko yote ni sentensi moja katika kila mwongozo wa kusahihisha hisabati, kwamba hoja yoyote iliyo sahihi na iliyoelezwa hatua kwa hatua inapewa alama zote, hata kama si njia ya mwongozo. Sentensi hiyo haigharimu senti. La pili ni kuruhusu, kwa waraka rasmi, mwalimu wa kidato cha pili awape wanafunzi waliotangulia mada ya kuhesabu mipangilio na uwezekano pasipo kuonekana na mkaguzi kuwa ametoka nje ya azimio la kazi, kwa kuwa mimi nimekwisha kuandikiwa hivyo kwa wino mwekundu. La tatu ni kijitabu cha Kiswahili, cha kurasa zisizozidi mia, chenye masuala ya uwezekano na nadharia ya michezo kwa vijana, na istilahi za Kiingereza pembeni. La nne ni kutia hesabu ya odi katika maswali ya mtihani wa kidato cha nne, ili walimu wasiotaka kuifundisha walazimike.

La tano ni zito zaidi, na sitegemei lifanyike mwaka huu. Andrei Kolmogorov, Mrusi aliyeiwekea elimu ya uwezekano misingi yake ya sasa mwaka 1933, alikuwa mmoja wa waasisi wa shule ya bweni iliyofunguliwa Moscow mwaka 1963 kwa ajili ya vijana wenye kipawa cha hisabati na fizikia, na mtu huyo mwenye jina duniani kote akaingia darasani kuwafundisha watoto kwa chaki. Siombi shule mpya. Naomba kila mkoa uteue mahali pamoja, hata kama ni ukumbi wa maktaba siku ya Jumamosi, ambapo watoto wa shule mbalimbali waliotangulia wakutane na mwalimu wa chuo kikuu au mhandisi au mhasibu mwenye moyo, wapewe masuala magumu, waachwe wabishane.

Na mkiuliza mnapoteza nini mkikaa kimya, jibu langu ni jembamba. Bima, benki, uchunguzi wa dawa, utabiri wa mvua, minada ya masafa ya simu, yote yanaendeshwa na watu waliosoma elimu hizi mbili vizuri, na nchi isiyo nao huwaajiri kutoka kwingine kwa bei wanayoitaja wao. Watu hao hawatengenezwi katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Wanatokana na watoto kama yule binti, waliokwisha kuonja uzuri wa hoja kabla ya kujifunza kuogopa mwongozo. Na kwa sasa mwongozo unawafikia kwanza.

Rasimu ya kijitabu nilichokitaja ninayo, kwa mkono, katika madaftari mawili, pamoja na masuala yaliyojaribiwa darasani. Mkinipa tarehe na chumba, nitayaleta kwa nauli yangu, na nitakuja na wanafunzi watatu wa kidato cha pili ili mwaulize wenyewe mtakalo juu ya kete 21.

Wenu katika utumishi wa elimu,

Mwalimu wa Hisabati, Tanga